Video ya 4K ya nyumbani inaganda kwenye runinga: pima kwanza, ndipo ununue

Swali hili hurudi kila msimu wa harusi na kila likizo ya Desemba: "Nimerekodi kwa 4K, kwenye simu video inang'aa, lakini nikiipeleka kwenye runinga inacheza sekunde kumi, duara linazunguka, inaganda. Niongeze kifurushi cha intaneti?"

Hapana, usiongeze. Video iliyo kwenye kompyuta, simu au diski yako haipiti intaneti ili kufika kwenye runinga ya sebuleni kwako. Inatoka kwenye kifaa, inaingia kwenye ruta, ruta inaipeleka kwenye runinga, basi. Safari yote ni ya humo humo ndani ya nyumba. Kifurushi kinahusika pale tu ambapo video umeihifadhi Google Photos, Google Drive au YouTube na unaifungulia huko huko, kwa sababu hapo unaivuta kutoka nje.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona fedha zikipotea. Kuna nyumba ya ndugu zetu Tanga ambako walipandisha kifurushi mara mbili kabla ya kuniita, na video ya ndoa ya binti yao ilikuwa bado inakwama bibi harusi anapoingia ukumbini. Kompyuta na runinga zote mbili zilikuwa kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz, yale masafa ya polepole, na ruta ilikuwa chumba cha tatu, nyuma ya kabati la nguo. Waya wa mita kumi ulimaliza kazi, na kifurushi kilirudishwa kwenye kile cha zamani.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka, utatengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Faili la video lenyewe, lile la asili kutoka kwenye kamera au simu. Lililopitia WhatsApp halifai kwa majaribio, maana limeshabanwa.
- Kompyuta ambayo faili limo, pamoja na chaja yake.
- Flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha.
- Waya wa LAN, yaani wa mtandao, wa Cat5e au Cat6 unaotosha kufika kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta. Kwa majaribio, unaweza kuazima.
- Neno la siri la kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Mara nyingi limebandikwa chini yake.
- Programu za VLC (ya kuchezea video) na HandBrake (ya kugeuza video) kwenye kompyuta. Zote ni za bure.
- Karatasi na kalamu. Utaandika namba tatu au nne, na ndizo zitakazokuonyesha tatizo lilipo.

Hatua ya 1: Ondoa mtandao kwenye hesabu

Nakili video kwenye flashi, ichomeke nyuma ya runinga, icheze kutoka hapo.

Ikicheza bila kukwama, runinga haina tatizo na faili halina tatizo. Kasoro iko njiani, yaani kwenye Wi-Fi, waya, ruta au kompyuta inayotuma. Endelea na hatua ya 2. Ikiganda hata kwenye flashi, ruka hadi hatua ya 7, kwa sababu runinga inashindwa kulisoma faili hilo na hakuna ruta duniani itakayokusaidia.

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Ukiona kompyuta inakataa kunakili huku nafasi ipo, sababu ni hiyo. Hamisha vilivyomo, kisha iformati kwa exFAT. Runinga nyingi za 4K za miaka ya karibuni zinaisoma. Kama yako haiisomi, jaribu NTFS.

Ya pili ni nzito zaidi. Runinga nyingine, ukichomeka diski, huuliza kama unataka kuiandaa kwa ajili ya kurekodi vipindi. Kataa. Kuiandaa maana yake ni kuiformati, na kila kilichomo kitafutika. Usijaribu kamwe kwa diski yenye nakala pekee ya video za familia.

Hatua ya 2: Pima uzito wa video yako

Hapa ndipo wengi hawafiki, na hapa ndipo jibu lilipo. Bofya kulia kwenye faili, angalia ukubwa wake na urefu wake. Kisha piga hesabu hii:

ukubwa kwa MB × 8 ÷ urefu kwa sekunde = megabiti kwa sekunde (Mbps)

Mfano: video ya ukumbini ina GB 12 na inachukua dakika 40. GB 12 ni MB 12,000. Zidisha kwa 8, unapata 96,000. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawanya: 40. Kwa hiyo kila sekunde, runinga inahitaji kupokea megabiti 40, bila kukosa.

Sasa linganisha na vyanzo vya kawaida. iPhone, kwa makadirio yanayoonyeshwa kwenye mipangilio yake ya kamera, hutumia takriban MB 170 kwa dakika moja ya 4K ya fremu 30 kwa sekunde iliyobanwa kwa HEVC (mfumo wa kubana video uitwao pia H.265). Hiyo ni kama Mbps 23. Ukiweka fremu 60, inakuwa MB 400 kwa dakika, yaani Mbps 53. Kamera nyingi za Sony zinazotumiwa na wapiga video wa harusi hurekodi 4K ya XAVC S (mfumo wa video wa Sony) kwa Mbps 60 au 100. Droni ya DJI Mavic 2 Pro inafika Mbps 100.

Hii inajibu pia swali la pili linaloulizwa sana: "Mbona Netflix ya 4K inacheza vizuri kwenye runinga hiyo hiyo?" Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 kwa 4K, kwa sababu filamu zao zimebanwa kwa ustadi mkubwa kabla ya kukufikia. Video ya kamera yako imetoka mbichi. Jina ni moja, 4K, lakini mzigo unaweza kuwa mara nne au zaidi.

Andika namba yako. Halafu pembeni andika namba iliyo mara mbili yake. Hesabu hii inatoa wastani tu. Vumbi la dansi, majani yanayopeperuka na taa za ukumbini hupandisha mzigo ghafla. Njia inayobeba wastani peke yake itaganda hapo hapo. Video ya Mbps 40 ipe njia ya Mbps 80.

Hatua ya 3: Chora njia ya video

Kwenye karatasi chora kompyuta, ruta na runinga. Unganisha kwa mishale. Palipo na waya andika "waya". Palipo na Wi-Fi andika "hewa".

Kama mishale yote miwili ni "hewa", umeshaona tatizo. Vifaa vya ruta moja kwenye masafa yale yale hupokezana kusema. Kompyuta ikituma, runinga inasubiri. Ruta ikiipelekea runinga, kompyuta inasubiri. Video ile ile inapita hewani mara mbili, na kasi unayobaki nayo ni karibu nusu. Ukiwa umeongeza ripita (kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi) katikati, zile za bei nafuu zenye masafa mamoja, unaigawa tena.

Hatua ya 4: Pima njia

Kipimo cha kasi ya intaneti kwenye simu hakikusaidii hapa, kwa sababu kinapima kati yako na nje. Fanya hivi: chukua laptopu ya pili, iweke pale runinga ilipo, iunge kwenye Wi-Fi ile ile inayotumiwa na runinga. Fungua folda ya pamoja kwenye kompyuta yenye video, nakili faili la GB 1 kuja kwenye laptopu ya pili, na uhesabu sekunde.

Gawanya 8,000 kwa sekunde ulizohesabu. Ikichukua sekunde 80, njia yako inabeba Mbps 100. Ikichukua sekunde 400, ni Mbps 20, na video ya Mbps 40 haiwezi kupita humo hata ungeipigia magoti.

Andika namba hii chini ya ile ya hatua ya 2. Kama njia ni kubwa mara mbili ya mzigo na bado inaganda, nenda hatua ya 6. Kama ni ndogo, endelea.

Hatua ya 5: Panua njia

1. Kompyuta iende kwenye waya. Iunge na ruta kwa waya wa LAN. Kati ya yote yaliyomo kwenye mwongozo huu, hili ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Umeondoa safari moja ya hewani, na runinga imebaki na mawimbi yake peke yake.

2. Hakikisha waya ni mzima. Ndani yake kuna nyuzi nane. Fundi akibana nne tu, au moja ya zile nne nyingine ikikatika, mara nyingi waya bado utafanya kazi lakini kwa Mbps 100 badala ya 1,000. Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, tazama kasi ya kiungo: 1000/1000 ni nzuri, 100/100 maana yake waya, ruta au kompyuta mojawapo ina kikomo. Ruta nyingi zinazotolewa na watoa huduma zina matundu ya Mbps 100 tu, kwa hiyo usimlaumu fundi kabla hujaangalia.

3. Runinga iende 5 GHz. Ingia kwenye ruta, zipe 2.4 GHz na 5 GHz majina mawili tofauti, kwa mfano "Nyumbani" na "Nyumbani5". Kisha kwenye runinga sahau mtandao wa zamani na uunge ule wa 5. Zikiwa na jina moja, runinga hujichagulia, na mara nyingi huchagua yenye mawimbi ya nguvu, ambayo ni 2.4, ya polepole.

4. Sogeza ruta. Mawimbi ya 5 GHz hayapendi kuta. Ukuta mmoja wa tofali yanaupita kwa kuchoka. Zege lenye nondo yanaupita kwa shida. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa, karibu hayapiti. Ruta iwe chumba kimoja na runinga au mlango uwe wazi katikati yao, iwe juu kiasi cha kifua cha mtu, na isiwe nyuma ya runinga, juu ya friji, wala karibu na kioo kikubwa. Kama nyumba ni ya kuta za namna hiyo, usipoteze fedha kwa ripita. Pitisha waya pembeni ya dari.

Sasa kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: wanaunga *runinga* kwa waya na kuiacha kompyuta hewani. Runinga nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu la LAN la Mbps 100. Kwa video ya simu ya Mbps 23 halina shida. Kwa video ya kamera ya Mbps 100 halitoshi, na hapo waya unakuwa mbaya kuliko Wi-Fi nzuri ya 5 GHz. Mpangilio ninaoupendelea kwa video nzito ni kompyuta kwa waya, runinga kwa 5 GHz, chumba kimoja na ruta.

Hauna ruta? Hotspoti ya simu inaweza kufanya kazi hiyo. Ichague iwe 5 GHz, unga runinga na kompyuta. Video inayopita kati yao haili bando, ila runinga inaweza kuanza kujisasisha yenyewe, kwa hiyo zima data kwanza. Simu nyingi za Android huruhusu hotspoti iendelee bila data.

Hatua ya 6: Izuie seva isigeuze video

Kama unatumia Jellyfin au Plex (programu za kurusha video kutoka kompyuta hadi runinga), kompyuta yako ni seva, yaani ndiyo inayotuma. Seva ina njia mbili za kutuma: kulipeleka faili kama lilivyo, au kuligeuza papo kwa papo liwe jepesi au la aina nyingine. Kugeuza 4K kunaila kompyuta ya kawaida hadi feni inapiga kelele, na isipoweza kugeuza kwa mwendo wa video, runinga inasubiri. Unaona duara, unadhani ni Wi-Fi.

Cheza video, kisha fungua dashibodi ya seva kwenye kivinjari cha kompyuta. Jellyfin, kwa kawaida, iko kwenye anwani ya kompyuta ikifuatiwa na :8096. Ukikuta imeandikwa "Direct Play", faili linakwenda kama lilivyo. Ukikuta "Transcoding", linageuzwa, na sababu huwa imeandikwa hapo hapo.

Sababu za kawaida ni tatu. Ya kwanza: programu ya kwenye runinga imewekewa kikomo cha ubora, labda Mbps 8 au 20, ipandishe hadi mwisho. Ya pili: manukuu. Manukuu ya aina ya picha mara nyingi hulazimisha video nzima isukwe upya. Yazime ujaribu tena. Ya tatu: runinga haiijui kodeki ya faili, yaani mfumo uliotumika kuibana video, na tiba yake ni hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Tengeneza nakala nyepesi

Fanya hili kama runinga imeshindwa kwenye hatua ya 1, au kama huwezi kuipanua njia. Fungua HandBrake, weka faili, chagua MP4 na H.265. Kwa ubora, weka RF kati ya 20 na 22. Namba ikipungua ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Acha 4K ilivyo kama runinga ni ya 4K. Weka alama kwenye "Web Optimized". Anza, kisha uache ifanye kazi usiku, kwa sababu kwenye laptopu ya kawaida dakika 40 za 4K zinaweza kuchukua saa nyingi. Weka chaja na uzuie kompyuta isilale.

Iweke juu ya meza ngumu, si kitandani. Laptopu ikizibwa matundu kwa godoro inapata joto, inapunguza mwendo, na kazi ya saa sita inakuwa ya kumi.

Usifute faili la asili. Nakala nyepesi ni ya kutazama. Ya asili ndiyo kumbukumbu. Miaka ijayo runinga zitakuwa na uwezo mwingine, lakini ubora uliotupwa leo haurudi. Ya asili iwe kwenye diski mbili, zikae sehemu mbili.

Bado inasumbua? Tazama dalili

*Inaganda dakika ile ile kila mara.* Icheze kipande hicho kwenye kompyuta kwa VLC. Ikikwama na huko, faili limeharibika wakati wa kunakili. Linakili upya kutoka kwenye kadi ya kamera kama bado ipo. Ikipita vizuri, ni kilele cha mzigo: rudi kwenye ile kanuni ya mara mbili.

*Sauti inaendelea, picha imesimama.* Si mtandao. Runinga imeshindwa kufungua picha. Kamera mpya hurekodi kwa biti 10 na mfumo wa rangi wa 4:2:2, ambao runinga nyingi haziuwezi. Ukiagiza mpiga video, mwambie kabla ya kazi kwamba unataka nakala ya mwisho ya H.265 yenye 4:2:0. Atakuelewa.

*Picha ipo, sauti hakuna.* Kamera imerekodi sauti ya PCM (isiyobanwa) na runinga haiikubali ndani ya MP4. Kama una ffmpeg (programu ya kugeuza video inayoendeshwa kwa amri za kuandika), amri hii inabadilisha sauti tu, picha haiguswi, na huisha kwa dakika chache:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v copy -c:a aac -b:a 256k harusi-sauti.mp4`

*Inachelewa sana kuanza, ikianza inakwenda vizuri.* Faharasa ya faili iko mwishoni, runinga inaitafuta kwanza. Ihamishe mwanzoni:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -movflags +faststart harusi-haraka.mp4`

*Asubuhi safi, jioni inaganda.* Majirani wamerudi na ruta zao ziko hewani. Kama umebanwa kwenye 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, na uchukue yenye watu wachache. Angalia pia diski ya nje ya USB 3.0 iliyokaa ubavuni mwa ruta: kiungo hicho hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Isogeze mbali.

*Inaganda nikitumia simu peke yake.* Huenda unaakisi skrini badala ya kutuma faili. Kuakisi kunailazimisha simu irekodi skrini yake na kuibana upya kila sekunde, na mara nyingi hata 4K haifiki. Tumia alama ya kurusha iliyo ndani ya programu ya picha au video, au hamishia faili kwenye kompyuta.

*Inakwenda dakika ishirini halafu inakatika kabisa.* Kompyuta imelala, au diski ya nje imejizima kuokoa umeme. Kwenye mipangilio ya umeme, izuie kompyuta isilale na diski isijizime.

*Ilikuwa nzima, umeme ukakatika, uliporudi ikaanza tena.* Angalia kwanza kama runinga imejirudisha kwenye 2.4 GHz, maana ruta huwasha masafa hayo mapema na runinga huyadaka. Kisha angalia kama kompyuta imepewa anwani mpya na ruta. Ikiwa hivyo, programu ya kwenye runinga inaitafuta seva pasipokuwepo. Ingia kwenye ruta, ipe kompyuta anwani ya kudumu, na futa mtandao wa 2.4 kwenye kumbukumbu ya runinga ili isiwe na pa kurudi.